Jina moja kwenye kila karatasi: kuomba mkopo wa chuo ukitokea huku kwetu Mbeya

Mwezi wa sita baridi ya Uyole inauma masikio. Ukungu hauondoki kabla ya saa nne, lakini nikifika kufungua steshenari yangu saa moja na nusu asubuhi nakuta watoto wawili watatu wameshasimama barazani, bahasha wamezikumbatia kifuani. Mmoja katoka Isongole, mwingine Igoma, mwingine kapanda kosta ya kwanza ya Tukuyu.

"Shikamoo mama. Tumekuja kuomba mkopo."

"Marahaba wanangu. Nipeni kwanza cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne."

Nalaza vyeti hivyo viwili kwenye kaunta, kimoja kando ya kingine, nayapitia majina herufi kwa herufi kwa ncha ya kalamu. Kompyuta bado sijaiwasha. Nafanya hivi tangu 2011, na wengi niliowaona wakikwama walikwama hapo hapo kwenye kaunta, kabla hata hawajaingia mtandaoni. Kazi ya mtandaoni ni ya saa moja, mbili ukichelewa. Karatasi ni kazi ya miezi. Kwa hiyo maelekezo haya nayaanzia kwenye karatasi.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Mdogo wangu alifaulu vizuri kidato cha sita, akapata chuo, akaomba mkopo, akakosa. Cheti chake cha shule kilikuwa na majina matatu, cha kuzaliwa kilikuwa na mawili, na moja kati ya hayo mawili lilikuwa la babu yetu. Hakuna aliyekaa kuyalinganisha, hata mimi niliyemsaidia kujaza fomu. Baba alikuwa ameshafariki, mama anategemea kipande cha shamba la viazi. Kijana akakaa mwaka mzima akipakia lumbesa kwenye malori. Mwaka uliofuata akaomba tena kwa karatasi zilizonyooka, akapata. Leo ni mwalimu. Ule mwaka mmoja bado unaniuma, maana aliupoteza kwa sababu ya majina tu.

Nani anaomba, na aanze lini

Mkopo ninaousema ni wa serikali, unaotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB. Bodi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005. Mwombaji awe Mtanzania, asizidi miaka 35, awe amepata nafasi ya masomo ya muda wote kwenye chuo kinachotambuliwa, na asiwe na ajira au biashara inayomwingizia kipato. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 wanafunzi wa stashahada nao wanakopeshwa, ila kwa fani zilizopewa kipaumbele tu, kwa hiyo wa diploma hakikisha fani yako imo kwenye mwongozo wa mwaka huo. Waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita wana mlango mwingine, Samia Scholarship, ulioanza 2022/2023. Huo ni ufadhili, haurejeshwi.

Kila mwaka Bodi hutoa mwongozo wake. Uprinti, au usome kwenye simu ukiwa umetulia, wewe na mzazi wako. Masharti madogo madogo hubadilika mwaka hadi mwaka, na aliyeomba mwaka jana hawezi kukujibia ya mwaka huu.

Dirisha kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa sita na kufungwa mwishoni mwa mwezi wa nane. Mara nyingine huongezwa siku. Usiyapange maisha yako juu ya siku ambazo hazijatangazwa. Mtihani wa kidato cha sita unafanyika mwezi wa tano, matokeo yanatoka mwezi wa saba, na huna haja ya kuyasubiri, kwa sababu maombi yanaanza kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Naona watoto wengi wanakaa nyumbani wakisema "ngoja kwanza matokeo". Matokeo yakitoka wanajaa hapa barazani kama siku ya gulio, na mtandao nao umelemewa.

Kuna jambo la JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa kwa mujibu wa sheria huwa kambini, Itende hapa Mbeya, Mafinga kule Iringa au mbali zaidi, wakati dirisha liko wazi. Kama wewe ni mmoja wao, kabla hujapanda basi uwe umemaliza uhakiki wa vyeti, umeskani kila kitu na kukihifadhi kwenye barua pepe yako mwenyewe, na umeshamjua mdhamini wako kwa jina na kwa namba ya kitambulisho. Bahasha ya vyeti halisi mwachie mtu mmoja tu nyumbani. Nimewahi kuletewa fomu ambayo shangazi amemwekea sahihi mtoto aliyeko kambini. Nilimrudishia. Fomu ile ina kiapo ndani yake, na sahihi ya mwombaji ni ya mwombaji.

Mimi nasema anza mwezi wa kwanza, ukiwa bado kidato cha sita. Likizo fupi inatosha kushughulikia cheti cha kuzaliwa.

Cheti cha kuzaliwa na RITA

Bodi haipokei cheti cha kuzaliwa hivi hivi. Lazima kihakikiwe kwanza na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa eRITA, unapakia nakala iliyoskaniwa vizuri, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unasubiri. Majibu yakija yanakuwa na namba ya uhakiki. Ihifadhi, utaihitaji kwenye fomu ya mkopo. Majibu huweza kuchukua siku kadhaa, na mwezi wa nane nchi nzima inapohakiki kwa pamoja huchukua zaidi.

Skani, usipige picha. Picha ya simu iliyopigwa mezani ina kivuli cha mkono na kona moja imekatika, nayo hurudishwa. Cheti kikiwa kimekunjwa mara nne kwenye mfuko wa nailoni, kilaze chini ya kitabu kizito usiku mmoja kabla ya kukileta.

Wenye safari ndefu ni wale wasio na cheti kabisa, na huku kwetu ni wengi. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano ulianzia mkoa wetu wa Mbeya mwaka 2013. Waliokuwa wameshavuka umri huo hawakuguswa. Wengi wana kadi ya kliniki tu, au cheti cha ubatizo cha Moravian au cha Kilutheri kilichohifadhiwa na bibi kwenye sanduku. Usiidharau karatasi ya bibi. Unapokwenda kusajiliwa ukiwa mkubwa unatakiwa uthibitishe ulizaliwa lini, wapi na na nani, na ushahidi wenyewe ni vitu kama hivyo: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, vitambulisho vya wazazi, barua ya mtendaji. Ofisi ya usajili ni ya wilaya, kwa Mkuu wa Wilaya. Watu wa Busokelo wanachanganyikiwa sana hapa: halmashauri yenu ni ya kwenu, lakini wilaya ni Rungwe, kwa hiyo safari ni ya Tukuyu.

Jina

Cheti cha kidato cha nne ndicho uti wa mgongo. Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo inayokutambulisha kwa Bodi, kwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na kwa chuo, na hilo jina lililoko pale ndilo linalokutangulia kila mahali. Karatasi nyingine zote zifuate hilo.

Majina yetu huku yana matatizo yake. Masikioni Atupele na Atupelye ni mtu mmoja. Kwenye kompyuta ni watu wawili. Tumaini na Tumain vivyo hivyo. Kuna mtoto aliandikishwa darasa la kwanza kwa jina la ubatizo kwa sababu mwalimu alishindwa kulitamka la nyumbani, na cheti cha kuzaliwa kikaja baadaye na lile la nyumbani. Kuna anayetumia jina la mjomba aliyemlea. Nyumbani hakuna anayeona tatizo. Ni upendo ule ule.

Kama bado hujachukua cheti cha kuzaliwa, umepona: kiombe kwa majina yale yale yaliyoko kwenye cheti cha kidato cha nne, kwa herufi zile zile na mpangilio ule ule. Kama unacho na kinatofautiana, nenda kwa wakili mapema umwonyeshe vyeti vyote kwa pamoja. Yeye atakuambia kama hati ya kiapo inatosha au unahitaji hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Inagharimu, na inachukua muda, ndiyo maana nakuambia mwezi wa kwanza. Usikubali mtu akufutie herufi kwenye cheti. Nimeletewa vyeti vya namna hiyo, nimekataa kuviskani.

Ukimaliza hivyo viwili angalia kitambulisho cha NIDA au namba yake, halafu akaunti ya benki. Akaunti iwe ya kwako, kwa jina lako hilo hilo, na iwe hai. Ile uliyofunguliwa kidato cha kwanza ukaacha kuitumia, nenda tawini wakuambie kama bado inapokea fedha.

Kama ulirudia mtihani wa kidato cha nne, andika namba zako zote za mtihani, na namba utakayoombea chuo ndiyo uiombee mkopo. Ukiomba chuo kwa namba moja na mkopo kwa nyingine, mifumo hiyo miwili haikutani, utaonekana umeomba mkopo lakini huna chuo.

Baba aliyefariki bila cheti

Hapa nitakaa kidogo.

Binti mmoja alikuja na mama yake kutoka Matamba, wameshuka ile barabara ya Hamsini na Saba alfajiri hadi Chimala, kisha basi hadi hapa. Baba alifariki binti akiwa na miaka minne. Kwenye fomu akaandika baba amefariki. Nikamuuliza cheti cha kifo kiko wapi. Mama akanitazama kama nimemtukana. "Kijiji kizima kilimzika," alisema.

Najua, mama. Lakini Bodi haikuwepo kwenye mazishi yale. Mtu anayeamua ombi la binti yako anaangalia alichopakia tu, na neno "amefariki" lisilo na cheti kilichohakikiwa na RITA ni sawa na halijaandikwa. Yatima anaweza kuhesabiwa kama mtoto mwenye wazazi wote wawili, na hapo hali yake yote inasomeka vingine.

Cheti cha kifo kinapatikana hata baada ya miaka mingi. Mnaanza kwa mtendaji, mnabeba kibali cha mazishi kama kipo, karatasi ya hospitali kama alifia hospitalini, au kumbukumbu za kanisa au msikiti uliomzika, kisha ofisi ile ile ya usajili ya wilaya. Kikitoka nacho kinahakikiwa RITA kama cha kuzaliwa. Mama yule alikwenda Makete mara tatu. Mara ya tatu alirudi nacho akakiweka kwenye kaunta yangu bila kusema neno, na mimi nikakiskani taratibu sana.

Jina la marehemu kwenye cheti hicho lifanane na jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Narudia kwa sababu hapo ndipo watu wanapoteleza mara ya pili.

Na neno moja kwa wale wanaopewa ushauri wa vijiweni waandike mzazi aliye hai kuwa amefariki ili asilimia ya mkopo ipande. Kutoa taarifa za uongo kwenye maombi haya ni kosa kisheria. Zaidi ya hapo, fedha zile zina mwisho, na ukizipata kwa uongo unazichukua kwa binti wa Matamba.

Hali ya nyumbani inathibitishwaje

Mkopo hutolewa kwa kadiri ya uhitaji. Ndiyo maana watoto wawili wa darasa moja, waliopata alama sawa na kwenda chuo kimoja, hupewa viwango tofauti. Kwa hiyo kila kinachoonyesha uhitaji wako kiwe na karatasi.

Kaya yenu ikiwa kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, chukua namba ya kaya ilivyo kwenye kadi, usiikisie. Nimeona watoto wakiona aibu kuitaja TASAF mbele ya wenzao hapa dukani. Siku hizi ninawaita ndani nyuma ya pazia kwenye mashine ya fotokopi, tunaiandika huko. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mwenye ulemavu, kuna fomu maalumu inayothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Usiende na barua ya zahanati ukidhani inatosha.

Lingine ni la waliosoma shule binafsi kwa kufadhiliwa. Huku Nyanda za Juu Kusini wako wengi waliolipiwa ada na kanisa, na shirika au na mfadhili wa nje. Ukiandika jina la shule tu, anayesoma ombi lako ataona ada ya mamilioni na kudhani kwenu mna uwezo. Pakia uthibitisho wa ufadhili kutoka kwa aliyekulipia au shuleni. Barua hiyo ifuate mapema, kwa sababu mfadhili anaweza kuwa nchi nyingine na mkuu wa shule yuko likizo.

Kazi ya mzazi iandike ilivyo. Mkulima ni mkulima. Usimwite mfanyabiashara kwa sababu anauza ndizi zake mwenyewe pale Kiwira.

Mtandaoni

Sehemu hii ni fupi. Mfumo unaitwa OLAMS, uko olas.heslb.go.tz. Unajisajili kwa namba ya kidato cha nne na mwaka wa mtihani, unapata namba ya malipo, ile ambayo wengi huita kontrol namba, unalipa shilingi 30,000 kwa simu au benki. Fedha hiyo hairudi. Lipa kwa namba uliyoiona wewe mwenyewe kwenye akaunti yako, siyo uliyotumiwa na mtu kwenye WhatsApp. Kisha unajaza taarifa zako, za wazazi, za mdhamini, za shule ulizosoma, unapakia vyeti na picha.

Waliomaliza stashahada na wanaomba mkopo wa shahada wawe na namba ya AVN, yaani ya uhakiki wa stashahada yao, kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi.

Namba ya simu na barua pepe viwe vya kwako. Usitumie vya mwenye steshenari, hata kama ni mimi. Taarifa zote zitakuja huko, na mimi nina wateja mia. Neno la siri liandike kwenye daftari nyumbani, usiliache kwenye karatasi juu ya meza yangu. Na mimi nikikujazia, kaa kando yangu usome kila mstari nilioandika, uniambie nilipokosea. Hiyo ni haki yako, umelipia.

Mzunguko wa sahihi

Ukishajaza unaprinti fomu, na hapo safari nyingine inaanza. Inatakiwa sahihi yako, sahihi ya mdhamini, sahihi na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, kisha kiapo mbele ya hakimu au wakili ambaye ni kamishna wa viapo.

Mdhamini anaweza kuwa mzazi au ndugu, lakini awe na kitambulisho na awe tayari kuja. Mtafute anayepatikana. Mjomba wa Tunduma mwenye duka kubwa hana msaada kama hapokei simu. Mwombe nakala ya kitambulisho chake na picha ndogo mapema, na umweleze anadhamini nini: anabeba wajibu kwamba mkopo utarejeshwa.

Mtendaji usimwendee bila kumpigia simu. Ana mikutano, ana ziara, ana misiba, na muhuri unatembea naye. Nenda na mtu mzima wa nyumbani, salimia vizuri, mweleze siku ya mwisho ni lini. Hakikisha muhuri unasomeka na tarehe imeandikwa. Muhuri uliokauka wino ukiskaniwa unakuwa doa. Mbele ya hakimu au wakili unakwenda mwenyewe kwa miguu yako, na sahihi unaiweka pale, hutangulii kuiweka nyumbani.

Panga siku mbili kwa mzunguko huu kama unaishi mjini, wiki kama unatoka Busokelo au Makete. Ukimaliza, kurasa zenye sahihi zinaskaniwa na kupakiwa sehemu yake kwenye mfumo. Kisha unabonyeza kutuma. Nasisitiza kutuma, kwa sababu kila mwaka kuna anayepakia kila kitu, akafunga kompyuta, akaondoka bila kutuma. Ukishatuma, ingia tena kesho yake uone hali ya ombi lako inasomekaje. Printi nakala nzima, tia kwenye faili pamoja na risiti.

Mwaka wa mdogo wangu tulikuwa tunatuma bahasha kwa EMS kwenda Dar es Salaam na kukaa tukiomba Mungu ifike. Siku hizi unaona mwenyewe kama imefika.

Ukishatuma

Simu isizime. Bodi huweza kutangaza siku chache za kurekebisha maombi yenye kasoro, na siku hizo zikipita zimepita. Ingia kwenye akaunti yako kila wiki, siyo kusubiri ujumbe.

Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa, ndani ya muda uliotolewa. Mkopo unafuata chuo ulichothibitisha. Kijana anayesitasita kati ya chuo kikuu cha MUST hapa Mbeya na Mkwawa kule Iringa mpaka muda ukaisha anaweza kukosa vyote viwili.

Majina hayatoki siku moja. Yanatoka kwa awamu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kutoonekana awamu ya kwanza si kukosa. Utaangalia kwenye SIPA, akaunti yako binafsi kwenye mfumo wa Bodi, na huko utaona umepewa nini na kiasi gani kwa kila kipengele: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Fedha ya chakula na malazi ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, ikapandishwa hadi 10,000.

Mtu akikupigia simu kwamba anaweza kukuongezea asilimia ukimtumia laki moja, kata simu. Mwaka fulani mzazi mmoja aliuza ng'ombe kwa simu ya namna hiyo.

Ukikosa, au ukipewa kidogo na una ushahidi ambao haukuwemo, kuna dirisha la rufaa. Rufaa ni mahali pa kuleta karatasi mpya. Kuandika tu kwamba maisha ni magumu hakuongezi kitu juu ya ulichosema mwanzo. Kuleta cheti cha kifo kilichochelewa kunaongeza. Aliye Mbeya anaweza pia kwenda ofisi ya kanda ya Bodi iliyopo hapa hapa jijini, abebe faili lake lote, aulize ana kwa ana.

Mzazi, ondoka na jambo hili: mtoto akifika chuoni fedha haimsubiri mlangoni. Anatakiwa asajiliwe kwanza, aende kwa afisa mikopo wa chuo, athibitishe kwa alama za vidole, ndipo bumu, ile fedha ya kujikimu, liingie kwenye akaunti yake, nalo huingia kwa mafungu, kila fungu na uthibitisho wake. Ada inakwenda chuoni moja kwa moja. Kwa hiyo aondoke nyumbani na fedha ya kula na kulala kwa wiki kadhaa, na kama amepewa sehemu tu ya ada, inayobaki ni ya kwenu. Familia ninazozifahamu huweka kando gunia kadhaa za viazi tangu mwezi wa saba kwa ajili ya hiyo safari. Mwanafunzi naye ajue kwamba mwaka wa pili mkopo unaendelea kwa aliyefaulu kuendelea.

Kurejesha huanza miezi 24 baada ya kumaliza masomo. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ukijiajiri, unalipa asilimia 10 ya kipato chako kwa mwezi, na isipungue shilingi 100,000. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa, ziliondolewa mwaka 2021; kaka na dada zenu waliosoma zamani watawasimulia jinsi zilivyokuwa zikifanya deni lisiishe. Ukipata ajira mwambie mwajiri wako mwezi wa kwanza kwamba wewe ni mnufaika, mpe ile namba ya kidato cha nne, halafu angalia kwenye hati ya mshahara kama makato yameanza.

Mdogo wangu alimaliza kulipa la kwake. Alikuja dukani akaniomba nimprintie ile barua ya kumaliza deni nakala mbili, moja akapeleka kwa mama.